Mayai Arobaini ya Nyamizi

Hapo zamani, wala si zamani za majitu, zamani za juzi hizi kompyuta zimeshafika mpaka sokoni kwetu, alikuwapo mjane aitwaye Nyamizi. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipita bandani kwake kikafagia kuku wote, kuku wa mbegu aliyorithi kwa mama yake. Yakabaki mayai arobaini, na mtetea wa kuyaatamia hakuna. Nyamizi akayapanga kwenye pumba, akayapeleka kwa mafundi watatu wanaounda mashine za kutotolea vifaranga, zinazoongozwa na kompyuta.

"Yatunzeni, wanangu. Haya yakiharibika, mbegu ya mama imekwisha."

"Ondoa shaka, mama," wakamjibu.

Siku ya kumi na nane wakayamulika kwa tochi, Nyamizi akaona vifaranga vikicheza ndani. Akalia kwa furaha, maskini! Siku ya kumi na tisa joto likapanda, likapanda, mashine isilizime. Vikafa vyote.

"Nani kaniulia?" Nyamizi akauliza. Haya, sikieni majibu ya waliosoma.

Mabula akasema, "Si mimi, mama. Niliandika amri ya kuzima joto, lakini tupu, ya kushikilia nafasi tu, nikaitia alama kwamba ni dhaifu. Sheria ni kwamba amri dhaifu ikikutana na amri kamili ya jina lilelile, dhaifu hupisha. Ile kamili ilikuwa kazi ya Tunu."

Tunu akaruka. "Si mimi, mama! Niliiandika, na inazima joto barabara. Ila niliifungia ndani ya faili langu, kama tulivyofundishwa, kila mtu afunge chake wengine wasikivuruge. Kilichofungwa ndani hakionekani nje, basi mashine ikaiona ya Mabula peke yake, ikaishika hiyo. Asingeweka ile tupu yake, kompyuta ingekosa amri, ingegoma, nasi tungejua mapema!"

Kulwa, mkubwa wao, akakohoa. "Si mimi, mama. Mimi sikuandika hata mstari. Ile programu inayokagua maandishi yetu, kompaila, ilionya kwamba amri ya Tunu ipo lakini hakuna mahali inapotumika. Lakini onyo si kosa, kazi huendelea. Na maonyo yalikuwa mia mbili, mengi ya upuuzi! Nikaagiza yazimwe yote, tufanye kazi."

"Kumbe mashine ilisema," Nyamizi akasema, "mkaiziba mdomo."

Mabula alimtazama Tunu, Tunu akamtazama Kulwa, Kulwa akatazama simu yake. Pole ya bure kabisa, hata hiyo iliwashinda!

Sasa karakana ile ina desturi yake. Kazi ikiharibika, mwenye mali humtaja fundi mmoja, naye huondoka asirudi tena. Mmoja tu, wengine hubaki. Nyamizi akasimama mbele yao, trei la mayai mikononi, yameanza kunuka. Kila alipofungua mdomo kutaja jina, alikumbuka maneno ya mwingine.

Nanyi mnaotikisa vichwa hapo, msaidieni. Kuna aliyeweka amri tupu, kuna aliyeifungia amri nzima, kuna aliyezima onyo. Je, Nyamizi amtaje nani?