Ndiyo Sitini na Hapana Moja

Daktari mmoja alikuwa na swali, na wenye jibu lake walikuwa wageni. Walikuwa wakata miwa waliotoka mikoa ya mbali kila msimu, wakalala kambini, wakakata, kisha wakarudi makwao. Miaka miwili mfululizo baadhi yao walishikwa na homa, macho yakageuka ya njano, na watatu wakazikwa mbali na mama zao. Daktari alitaka kujua ugonjwa unatoka wapi: kwenye maji, kwenye chakula, au mahali wanapolala. Msimu ulikuwa umebakiza wiki nne. Ukiisha, watu wangetawanyika, na swali lingengoja makaburi mengine.

Akamtuma mtumishi wake Vumilia, dada wa Kihehe mwenye haya nyingi, na karatasi za maswali. Baada ya majibu, angeomba tone la damu kutoka kidoleni. "Nenda ukawaombe," alimwambia.

Vumilia alifika kambini, akaona milango mingi na nyuso asizozijua, na miguu ikawa mizito. Basi akaenda kwa mnyapara, msimamizi wa wakata miwa, mtu mwenye filimbi. Mnyapara akaipuliza. Kufumba na kufumbua wanaume sitini walikuwa wamepanga mstari, na Vumilia akamshukuru Mungu kwa kumrahisishia kazi. Unakubali kujibu? Ndiyo. Maji unayokunywa yamechemshwa? Ndiyo. Afya yako ni nzuri? Ndiyo. Mnyapara alisimama pembeni akitabasamu, na zile ndiyo zikaanguka moja baada ya nyingine kama miwa mbele ya panga. Akaaga akisema atarudi siku nyingine kwa ajili ya damu.

Daktari alisoma karatasi zote, akavua miwani. "Hawa wote wazima," alisema. "Mgonjwa ni mimi, niliyedhani nimezika watu." Kisha akamuuliza kwa upole: "Mkata miwa akisema anaumwa mbele ya mnyapara, ile ngwe aliyopimiwa kukata anapewa nani?"

"Anapewa mwingine," Vumilia akajibu, na alipokwisha kusema akaelewa. Hakuwa ameleta watu sitini. Alikuwa amemleta mnyapara mara sitini.

Jumapili akarudi peke yake, mnyapara akiwa kanisani. Wanaume walikuwa wanafua na kusonga ugali. Vumilia akasimama katikati yao, akasema: "Siku ile niliwapanga mstari, nikakosea. Leo nimekuja kuomba. Anayetaka aseme ndiyo. Asiyetaka aseme hapana, na hakuna atakayeulizwa sababu. Karatasi hizi hazina majina, wala mnyapara hatazisoma."

Wakatazamana. Maneno matamu walikuwa wameyasikia pia siku walipoandikwa kazi.

Mmoja wao, Mbano, Mngoni mwenye mabega mapana na mdomo mrefu kuliko panga lake, akaweka mwiko chini. "Lafudhi hiyo ya Kihehe," alisema. "Kumbe mtani wangu. Babu zako waliikimbia mikuki yetu, leo umeleta sindano ulipize kisasi?"

Watu wakacheka. Haya ya Vumilia ikamtoka, kwa maana Wahehe na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu, na kwa mtani hakuna haya. "Ikiwa Mngoni anaogopa sindano," alijibu, "ule mkuki alikuwa anatembea nao wa nini? Wa kuchokonolea meno?"

Wakacheka mpaka ugali ukaungua. Mbano naye akacheka, halafu uso wake ukabadilika. Akataka kujua kama ile ahadi ya kukataa bila kuulizwa sababu ina mzizi. "Haya. Mimi sitaki."

Vumilia akamwangalia, akasema: "Nimekusikia, mtani. Asante." Akahamia mlango wa pili.

"Hata kunibembeleza?" Mbano akauliza nyuma yake.

"Umekataa, nami nimekubali."

Siku hiyo hakupata hata mtu mmoja. Lakini Jumatatu macho yote yalikuwa kwenye ngwe ya Mbano. Akaikata mwenyewe. Jumanne hivyo hivyo. Mpaka Jumamosi hakuna aliyemwita, hakuna aliyemfokea, na mnyapara hakujua lolote.

Jumapili iliyofuata Vumilia alikuta watu kumi na wanane wanamngoja, na mbele yao Mbano, aliyewapangia ndoo za kukalia mlangoni pa chumba kimoja. "Ingieni," alikuwa anawaambia. "Mimi nilikataa, na tazameni, bado nanenepa." Wakaingia mmoja mmoja, na sasa majibu hayakufanana. Pipa la maji huisha saa nne asubuhi, kisha watu hunywa ya mtaroni, humo panya wanamoogelea. Mmoja akavua kofia aliyoishusha mpaka kwenye nyusi tangu Ijumaa, akaonyesha macho ya njano. Alipelekwa kutibiwa siku ile ile, naye akapona, akarudi kwa mkewe kwa miguu yake.

Kabla msimu haujaisha walikuwa wamejitokeza arobaini na moja. Majibu yao na damu yao vikamwonyesha daktari kwamba ugonjwa unatoka mtaroni, na mapipa ya maji safi yakaongezwa shambani. Mbano hakutoboa kidole hata siku moja. Alipenda kujisifu kwamba yeye ndiye aliyeifanya kazi yote kwa neno moja, na Vumilia, kwa utani wote waliokuwa nao, hakumbishia.

Nawe unayewaita watu wajitoe kwa jambo jema, na kufurahi wote wanapoitikia: je, kuna yeyote kati yao aliyewahi kukukatalia na bado akalala salama?