Nani Awe Somo wa Mtoto wa Naetwe

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Ninayowapa leo si hadithi ya kuchekea, na nikifika mwisho sitakuwa na jibu. Jibu mtalitafuta ninyi.

Huko milimani Upare, kwenye baridi ya Julai inayoingia hadi mifupani, walikuwapo wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni Namsifu, msichana aliyefundisha watoto wa chekechea kanisani. Kwake yeye hapakuwa na takataka. Wewe ukitupa kizibo cha soda, yeye ameshaona samaki. Wa pili ni Mwanaidi, jirani yao, fundi cherehani. Huyo aliunganisha vipande vya vitambaa mpaka usijue mshono ulipita wapi. Wa tatu ni Bibi Nakiete, mama yake Namsifu. Tangu ujana wake watu walimwita kukandika kuta za nyumba zao na kuzichora kwa udongo wa rangi, hadi vidole vyake vilipoanza kupinda kwa baridi yabisi.

Bibi Nakiete alikuwa pia na mtoto wa kiume, Eliapenda, seremala, na mke wa Eliapenda ndiye Naetwe. Mimba za Naetwe zilikuwa zikiharibika changa, moja baada ya nyingine. Hii ya sasa ilipokaa, nyumba nzima ilitembea kwa kunyata, kama watu wanaoogopa kumwamsha aliyelala. Kisha hospitali wakampima, daktari akawaita yeye na mumewe, akawaambia kwamba moyo wa mtoto haukuumbika sawasawa. Atazaliwa hai, alisema, lakini hatakaa.

Safari za hospitali zilikuwa zimekomba kila kitu nyumbani. Eliapenda aliacha kutengeneza kitanda cha mtoto, akakitegemeza ukutani kikiwa nusu. Watu walianza kuja kuwapa pole na mtoto angali tumboni.

Namsifu ndiye aliyekataa. Aliingia katika chumba cha pembeni, kile cha kuta za mabanzi ambamo kaka yake alihifadhi mbao, akaanza kukifagia. Mama yake akamkataza. Bibi Nakiete alikuwa amezika watoto wachanga ujanani mwake, na wote alikuwa amewaandalia mapema. Aliamini kwamba ukimtandikia ambaye hajazaliwa, unayatandikia mauti.

"Mauti tumeshaarifiwa, mama," Namsifu akamjibu. "Mtoto je, nani atamkaribisha?"

Akaokota vizibo na makopo matupu ya maziwa. Makopo akayakata visamaki na nyota, akavitoboa kwa msumari, akavifunga kwa uzi kwenye kitanzi cha waya na kukining'iniza juu ya pale kitanda kitakapokaa. Ukikisukuma kidogo, kilizunguka na kulia taratibu. Wakati huohuo chuo cha ualimu ambako alikuwa amepata nafasi kilifunguliwa. Namsifu hakwenda. Alisema hawezi kumwacha wifi yake peke yake na kile chumba, na nafasi yake akapewa mtu mwingine.

Alipomaliza kining'inizo alikwenda kwa Mwanaidi kuomba vipande vilivyobaki chini ya cherehani. Mwanaidi akampa, kisha akavishika tena, akaona ni vya suti na sare za shule, vigumu, vitamkwaruza mtoto. Akaingia ndani. Alikuwa na sanduku la nguo za binti yake Rukia, aliyekufa kwa degedege akiwa bado anatambaa. Nguo hizo alikuwa akizitoa mara kwa mara, akizinusa, akizikunja upya. Siku hiyo alizikata. Hakuna aliyemwomba. Akashona mfarishi wa viraka, mwepesi, akaujaza sufi ya mto wake mwenyewe, akaupeleka umekunjwa bila kueleza umetoka wapi. Ni Naetwe aliyekitambua kitambaa cha maua ya njano, akakaa chini.

Bibi Nakiete alitazama haya yote bila kuingia. Asubuhi moja alifika mlangoni, akahisi upepo wa mlimani ukipita katikati ya mabanzi na kumpiga usoni. Halafu akachukua jembe, akaenda kuchimba udongo. Alisokomeza magome makavu ya migomba katika kila ufa, akakandika juu yake, akapaka chokaa. Kisha, kwa vidole visivyokunjuka, alichora kwa udongo mwekundu na masizi kuku na vifaranga vyao, migomba, na ng'ombe aliyelala. Usiku mikono ilimuuma hata akashindwa kushika kikombe. Alijua anauvunja mwiko wake mwenyewe, na alijua hawezi kuuunga tena.

Naetwe alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike. Damu haikukata, ikabidi kizazi kitolewe. Kwa hiyo alirudi nyumbani na mtoto huyo, akijua hakuna mwingine atakayekuja.

Ndugu wakauliza jina. Kwa desturi ya nyumba ile, binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba. Naetwe akakataa.

"Mwanangu hatapata miaka ya kulikulia jina," alisema. "Siku zozote atakazokaa, nitatazama nani amempa. Huyo ndiye atakuwa somo wake, aitwe kwa jina lake."

Hospitali walikuwa wamesema hatavuka siku ya pili. Akavuka, wiki ikapita. Msifikiri alikuwa akipona. Kila mtu aliona namna kifua kilivyozama akivuta pumzi. Ila alikaa, na alikaa kwa sababu ya chumba kile. Alipolia alikosa hewa na kushindwa kunyonya, na kitu kimoja tu kilimnyamazisha: visamaki vya Namsifu vikizunguka juu ya macho yake. Mfarishi ulipofuliwa wakamfunika blanketi la dukani, uzito ukamlemea, midomo ikageuka rangi; Mwanaidi akaukausha mfarishi kwa pasi, wakamrudishia, akapata nafuu. Walipomhamishia chumba cha wazazi ili mama asichoke kutembea na kidonda, upepo ulimkuta, akaanza kukoroma. Wakamrudisha kwenye kuta za Bibi Nakiete, akatulia.

Alikufa saa za asubuhi, mikononi mwa mama yake. Alivuta pumzi, akaitoa, hakuvuta nyingine. Namsifu, aliyekuwa akisukuma vile visamaki, alivishika vyote kwa viganja viwili ili visilie.

Wakamviringisha ndani ya mfarishi wake. Eliapenda alitengeneza jeneza kwa mbao za kile kitanda, na msalaba mdogo. Akaja mlangoni na brashi ya rangi, akamwuliza mkewe aandike nani.

Naetwe akawatazama wale watatu.

Namsifu alisema, "Wifi, mimi nilimtandikia wakati wengine wote mlikuwa mmeshamchimbia. Nisingeanza mimi, yule mtoto angefikia chumba cha mbao."

Bibi Nakiete alisema kwamba yeye ni mzee, hana mjukuu mwingine, na kwa desturi jina lilikuwa lake hata kabla hajagusa udongo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na nikilala najiuliza kama ni mimi niliyeyaita mauti kwa kuandaa. Niacheni nimsindikize kwa jina langu, walau asiende peke yake."

Mwanaidi hakutaka kusema. Walipomsihi alisema hataki jina lake liandikwe. "Andikeni Rukia," alisema. "Nguo zake zinaingia kaburini na huyu. Sibaki na kitu cha kunusa."

Mtu mmoja msibani akashauri yaandikwe majina yote matatu. Naetwe akatikisa kichwa. Alisema mtu huitwa kwa jina moja, na ametoa neno lake. Mwingine akamwambia aandike tu "Mtoto". Naetwe akamjibu kwamba hilo ndilo wangeliandika siku ile ile ya daktari, na kama ni hivyo basi wote walihangaika bure.

Nimewahi kuwasimulia watu hadithi hii, wakagombana mpaka chai ikapoa. Wako waliosema aliyeanza ndiye mwenye jambo. Wako waliosema aliyetoa alichobakiwa nacho kwa marehemu wake hana wa kushindana naye. Wengine wakamtetea mwenye haki ya desturi, aliyefanya kazi akiamini kila mkandiko unamuua mjukuu wake.

Msiniambie kwamba jina halimrudishi mtoto. Naetwe analijua hilo kuliko sisi. Jina ni moja, nyumba ile haitapata mtoto mwingine wa kuwapa wawili watakaokosa, na atakayepewa atalikuta jina hilo kaburini kila akipita. Waombolezaji wamesimama uani kwenye ukungu. Jeneza limefungwa. Eliapenda bado yuko mlangoni, na rangi inaanza kukauka kwenye brashi.

Haya, wewe uliyenyamaza hapo: ungekuwa Naetwe, ungemwambia mumeo aandike nani?