Mwigizaji Aliyesimama Nyuma ya Kamera

Wapendwa, hebu nisikilizeni. Huko Marekani alikuwepo mwigizaji mmoja, mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki. Miaka thelathini alikuwa mtu wa sehemu ndogo ndogo: dereva wa teksi, mhudumu wa hoteli, jambazi anayeuawa filamu haijapamba moto. Sura yake watu waliijua, jina hawakulijua. Sasa alikuwa amechoka. Alishamwambia mkewe kwamba hii ndiyo ya mwisho, akimaliza anakwenda kuuza mikate dukani kwa kaka yake.

Na katika filamu hiyo ya mwisho alipewa kufungua mlango. Kufungua mlango tu, basi!

Sasa wale watu wana desturi yao. Wawili wakizungumza, kamera humchukua mmoja kwanza, na mwenzake husimama nyuma ya kamera kumsemesha, asije akaongea na ukuta. Siku hiyo nyota aliyeigiza baba alishamaliza kupigwa picha zake za siku hiyo, akaenda zake kulala. Akabaki dada aliyeigiza binti yake, hana wa kumsemesha. Mzee wetu akajitolea.

Wengine kazi hiyo huisoma kwenye karatasi kama wanasoma bei za nyanya. Nani atawaona? Yeye alisimama pale gizani akamwomba yule binti msamaha, msamaha wa baba kweli, machozi yanamtoka. Alijua fika hata unywele wake hautaonekana. Lakini mtu analia mbele yako, utampa maneno makavu?

Binti akalia mpaka mwongozaji akasimamisha kazi, akamsifu sana. Binti akatikisa kichwa.

“Usinisifu mimi,” akasema. “Geuza kamera, uone ninachokiona.”

Wakaigeuza. Wapendwa, mwongozaji mwenyewe akafuta machozi! Kesho yake yule nyota akaondolewa, na mzee wa kufungua mlango ndiye akawa baba wa filamu nzima. Mwaka uliofuata akaitwa jukwaani kwa jina lake kupokea tuzo, watu wote wakasimama kumshangilia, na mkewe mstari wa mbele analia kwa furaha.

Na sisi je? Mpiga video akipita hapa kanisani, kwaya nzima mnatabasamu, na mimi mchungaji wenu natengeneza tai. Akishapita? Kule nyumbani, na yule mgonjwa asiyeweza hata kukushukuru, unaongea naye vipi? Ndugu yangu, Mungu hana haja ya kugeuza kamera. Yake imekuelekea wewe tangu asubuhi.