Mlango Uliokataa Mtu Mmoja

— Hodi ya ngano!
— Karibu, ngano, keti ule nasi!
— Sili, nimeshiba maneno. We uliyeegemea debe, usijifanye umefumba macho kwa utamu. Nitakuuliza mwishoni.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana reli ilikuwa imeshakuja na imeshakufa, palikuwa na stesheni iliyosahauliwa na watu. Treni ya mwisho ilipita, puuu, haikurudi tena. Majani yakaota katikati ya reli, wanyama wakahamia. Na kila baada ya mavuno kila mnyama alileta mtama kidogo, ukawekwa ndani ya behewa moja la chuma lililobaki pale. Mtama huo ulikuwa wa watoto. Mkubwa hujitafutia mizizi, lakini mtoto huwezi kumwambia atafune vumbi hadi mvua ije.

Mlinzi wa behewa alikuwa Ngiri. Walimchagua kwa sababu ya meno yake yaliyopinda, hawakuangalia tumbo lililokuwa nyuma ya meno. Kila adhuhuri, jua likiwa kali na wenzake wamelala, Ngiri alisukuma komeo kwa jino, kwaruu, akaingia. Akapiga magoti, maana ngiri hula kwa magoti, akala.

"Naonja tu," alijiambia. "Naonja tu nione kama haujaoza."

Leo ameonja debe. Kesho ameonja debe. Keshokutwa ameonja debe na kulamba sakafu.

Sasa palikuwa na Bi Pelele, pimbi mjane, mama wa mtoto mmoja aitwaye Chepe. Alipokwenda kuomba chakula cha Chepe, Ngiri alimhesabia punje saba.

"Mtama unaisha, Bi Pelele. Kuna mwizi."

"Saba, kaka?"

"Ana tumbo kubwa, huyo mwizi. Simjui."

Chepe akakonda. Alikuwa akiruka juu ya mataruma ya reli, akaacha kuruka. Alikuwa akitembea, akaacha kutembea. Asubuhi moja hakuinua kichwa. Bi Pelele akamfunga mgongoni, akaenda kwa jirani yake, Panya Buku, akakaa mlangoni, akalia.

Nyinyi mnamjua buku. Kila kinachong'aa hukitia shavuni, akaenda kukificha. Buku huyu alikuwa amekihamisha chote kilichokuwamo ndani ya kibanda cha ishara, safari moja baada ya nyingine, mpaka shimo lake likajaa rilei. Rilei ni kijisanduku chenye sumaku na ulimi wa bati. Umeme mdogo ukiingia, sumaku inaamka, ulimi unashuka, tak, na njia ya umeme mwingine inafunguka. Basi. Ni kitu kidogo kinachofungulia kikubwa mlango, ndiyo maana Buku alizipenda. Juu ya paa la stesheni palikuwa na paneli ya jua, chini yake betri, na jioni Buku alikaa akizichezesha, tak, tak, tak. Chepe tangu azaliwe alilala kwa mlio huo.

Buku akamtazama mtoto. Akamgusa pua. Ilikuwa ya moto.

"Usilie, dada," akasema. "Huyu ni wangu pia."

Akaenda kwa Ngiri mbele ya wanyama wote.

"Shikamoo, mzee Ngiri."

"Marahaba. Unataka nini, mashavu?"

"Nasikia kuna mwizi."

"Yupo. Mkubwa, na mbaya sana."

"Basi tumwekee mlango wake. Mlango usiomfungukia mtu mmoja."

Ngiri akapiga hesabu. Akikataa, wenzake watauliza kwa nini anamwonea mwizi huruma. "Weka," akasema, na sikio moja likamcheza.

Buku akafanya kazi tangu alfajiri. Komeo la zamani akaling'oa, la umeme akalitia ndani. Kitufe kimoja akakiweka mwisho wa behewa upande wa mashariki, cha pili mwisho wa upande wa magharibi, kila kimoja na rilei yake, na zile rilei akazipanga moja nyuma ya nyingine.

"Hawa ni ndugu wawili, jina lao Na," akawaeleza wenzake. "Umeme haufiki kwenye komeo mpaka huyu akubali na yule akubali. Mmoja akikataa, hakuna safari. Kwa hiyo tutafungua wawili, na wa tatu ataingia kuchota."

Palikuwa na rilei mbili zaidi, lakini hizo Buku hakuzitaja. Nawe usiniulize, subiri.

Adhuhuri ikafika. Wanyama wakalala. Ngiri akaja polepole.

Akabonyeza kitufe cha mashariki. Tak. Kimya. Akakimbia magharibi, akabonyeza. Tak. Kimya. Akakimbia mashariki, tak. Akakimbia magharibi, tak. Akarudi mashariki ulimi nje. Mwizi mwingine angekwenda kumwita nduguye. Ngiri hakuwa na wa kumwita, maana hakuna aliyewahi kula naye. Akaketi, akafikiri, na alipomaliza akaleta mawe mawili.

Jiwe la kwanza juu ya kitufe cha mashariki: tak. Jiwe la pili juu ya kitufe cha magharibi: tak. Mlango, kwaaa.

"Naonja tu," akasema Ngiri, akaingia mzima mzima.

Hapo ndipo ilipokuwa rilei ya tatu. Jina lake Siyo. Huyu ni mbishi: usipomgusa, anapitisha umeme, ukimgusa, anaukata. Na Buku alikuwa ameitega chini ya mbao za sakafu. Mwepesi kama pelele akikanyaga, mbao hazina habari. Mzito akikanyaga, zinabonyea. Tak. Umeme ukakatika, mlango ukajifunga, ndu.

Wanyama wakaamka. Wakakuta mawe juu ya vitufe na sauti ya Ngiri ndani ya chuma. Wakacheka mpaka wakashikana.

"Mwizi kanaswa. Akae humo hadi mvua."

Na Buku akacheka nao. Kisha wote wakasikia: kwacha, kwacha, kwacha.

Ee, mnaona? Ujanja wote ule, rilei zote zile, na mjanja wetu alikuwa amemfungia mwizi ndani ya chakula. Wakabonyeza vitufe. Wapi. Mzito alikuwa bado juu ya mbao, na Siyo ni Siyo. Kwacha, kwacha. Mtama wa watoto wote ulikuwa ukiisha huku wakisikiliza.

Buku akamgeukia Bi Pelele.

"Kuna rilei ya nne, dada. Jina lake Au. Hii haijali wakubwa wawili, wala mawe, wala mzito aliye juu ya mbao. Nilimwekea mtoto, ili akiwa na njaa asingoje mtu. Lakini tundu lake ni dogo, pua ya Chepe tu ndiyo inaingia."

Bi Pelele akamshusha Chepe, akamshikia kichwa karibu na tundu. Humo ndani kwacha kwacha ilikuwa imekoma. Ngiri alikuwa akihema, akiita kwa sauti ambayo hakuna aliyeijua.

"Jamani. Kuna giza. Msiniache peke yangu."

Chepe akafumbua jicho moja. "Nani yuko gizani, mama?"

"Ni yule aliyekula chakula chako."

Chepe akaisikiliza ile sauti. Kisha akasema, "Hata mimi naogopa giza," akasukuma pua.

Tak.

Mlango ukafunguka. Ngiri alikuwa amepiga magoti palepale, mashavu yamejaa kuliko ya Buku. Akamwona mtoto, jinsi alivyokuwa mdogo, pua ikiwa bado tunduni. Hakukimbia. Akatoka kwa magoti vilevile, akautema mtama wote uliokuwa mdomoni mbele ya Chepe, umeshatafunwa, laini kama uji.

Chepe akala kidogo. Akala tena. Akainua kichwa.

"Nilikuwa naonja tu," akasema Ngiri, akitazama chini. "Haujaoza."

Mpaka mvua zilipokuja, kitufe cha mashariki kilikuwa cha Bi Pelele na cha magharibi kilikuwa cha Ngiri. Bila yeye vitufe havifungui mlango, na kuingia hawezi. Kila siku saa ya chakula alifika wa kwanza, akasimama pale akingoja mwenzake, tak, kisha tak, na Chepe akaingia kuchota. Akitoka alimwachia Ngiri punje saba, akaketi karibu naye, wakala pamoja.

Ngano yangu nimeitia komeo. Anayetaka kuifungua aje na mwenzake.

Haya, we wa debe, funzo ni nini? Hujui. Funzo ni kwamba ukienda kuiba usiende peke yako, nenda na rafiki. Na kama rafiki huna, anza kuiba, utampata.