Kwa Nini Vivuli Vyetu Vyote Ni Vyeusi

Bisheni. Bisheni sasa hivi, maana nikishaanza hamtapata nafasi. Nasema zamani kivuli cha mtu kilikuwa na rangi, na asiyeamini ainue mkono hapa hapa mferejini tumwone. Kaka Kiondo ameshainua. Nilijua. Mtu aliyesoma hadi kidato cha nne lazima abishe, la sivyo ada ya baba yake imepotea bure. Mimi niliishia darasa la tano, na walimu wanasema tangu niondoke shule imepoa haina utamu. Lakini habari hii hakuna anayeijua kunishinda katika msaragambo wote huu, kazi yetu hii ya pamoja, na kwa kuwa mfereji tumeshauzibua hadi kwenye jiwe hili na chai haijafika, nitaisimulia.

Tena naisimulia kwa sababu yako, Kaka Kiondo. Asubuhi ulimuuliza Hidaya, mke wa Elinami, "Wewe hasa ni nani, Mwarabu au mtu wa huku?" Akakujibu, "Mimi mke wa Elinami." Ukasema, "Hilo najua, nauliza asili." Yeye akainama akaendelea kuchimba. Haya, kaa chini, tafuna muhogo wako, usikie asili.

Zamani hizo jua lilikuwa bichi bado, halijaiva, na mwanga wake ulikuwa unachuja rangi kama kitambaa kipya kinavyochuja kwenye maji. Asubuhi vivuli vya watu vilikuwa vyekundu kama udongo wa matofali. Adhuhuri viligeuka vya manjano. Jioni vilikuwa zambarau iliyokoza. Na kilikuwako kitu kimoja kingine: kivuli hakikufutika mradi umekaa mahali pamoja. Kilishika ardhi kama doa, hadi uinuke. Ila jambo hilo hakuna aliyelitilia maanani, kwa sababu nani alikuwa na nafasi ya kukaa juani kutwa nzima? Watu walikuwa na mashamba.

Kwa hiyo rangi haikuwa ya mtu, ilikuwa ya saa. Mbuzi alikuwa na kivuli chekundu asubuhi, na chifu vilevile, na hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina la rangi. Waliitumia kujua wakati tu. Mama alimwambia mtoto, "Kivuli kimekuwa zambarau, kawalete mbuzi," na mtoto akaenda kuwaleta.

Kisha ukaja mwaka wa jua kali. Ndiva yao, bwawa dogo la kukusanyia maji ya chemchemi usiku ili asubuhi yafunguliwe yaende mashambani, ikawa haijai. Maji yalifika vifundo vya miguu, yakaishia hapo. Watu wakaanza kugombana mferejini, jembe kwa jembe, na wazee wakamteua Mruma awe mgawa maji.

Mruma hakuwa mtu mbaya. Shikeni hilo, kwa sababu angekuwa mbaya wangemfukuza na habari ingekwisha. Alikuwa mtu asiyependa kelele. Maji hayakutosha, ilibidi wengine waambiwe hapana, na yeye hakuwa na moyo wa kumtazama mtu usoni akamwambia hapana. Akatafuta kitu kingine cha kutazama. Akatazama chini.

Akakaa chini ya mti kwenye mlango wa ndiva siku nzima, akaagiza kila mtu aje ahesabiwe. Waliokuja asubuhi, vivuli vyao vikiwa vyekundu, aliwafunga mkononi kamba ya gome iliyotiwa rangi nyekundu, akawaambia watapata maji kwanza. Waliokuja adhuhuri aliwafunga kamba za manjano, hao wakawa wa pili. Waliokuja jioni akawafunga kamba za zambarau, na akawaambia watapata yatakayobaki. Kila mtu alidhani kamba ni ya siku ile tu.

Kesho yake mzee mmoja wa kamba ya zambarau akadamka kabla ya jogoo. Alisimama mlangoni pa ndiva na kivuli chake chekundu kimelala mbele yake.

"Baba Mruma, tazama mwenyewe. Leo mimi mwekundu."

Mruma akatazama kivuli, akatazama kamba. Akasema, "Kivuli chako kinadanganya. Kamba haidanganyi, niliifunga kwa mikono yangu."

Hapo ndipo dunia ilipopinda. Kaka Kiondo usicheke, ungekuwa wewe ungemletea kamba za kutosha.

Mvua haikuja mwaka ule wala wa pili, na kamba hazikufunguliwa. Mtoto akizaliwa alifungwa kamba ya rangi ya mama yake. Kisha maneno yakaanza kuota pembeni ya kamba kama magugu. Ikasemwa Wekundu ni watu wa kudamka, ni damu yao. Ikasemwa Manjano ni wajanja wa katikati, hawaaminiki. Ikasemwa Zambarau ni wavivu, na kwamba hata ukiwapa maji hawajui kuyatumia, si unaona mashamba yao yalivyokauka? Kijana Mwekundu akitaka kuoa Zambarau, shangazi zake walilala chini mlangoni asipite.

Na lililo baya kuliko yote, watu wenyewe walianza kufanana na kamba zao. Watoto wa Zambarau walilala hadi jua linapanda, na ukiwaamsha walisema, "Sisi ndivyo tulivyo." Watoto wa Wekundu walidamka hata wakiwa na homa, wakitetemeka, kwa kuogopa wasionekane si Wekundu.

Sasa, katika kijiji hicho alikuwako mama mmoja aitwaye Nanzia, mwenye watoto wawili. Mkubwa ni Mbonea, wa kiume. Mdogo ni Nakiete, wa kike. Siku ya kuhesabiwa, Nanzia alikuwa kitandani hawezi mguu. Mbonea alitangulia alfajiri. Nakiete alibaki kumkanda mama na kumpikia, akafika kwa Mruma jioni. Tumbo moja, ziwa moja, kamba mbili. Nanzia mwenyewe hakwenda kabisa, na Mruma akaamua kwamba mama atahesabiwa pamoja na mtoto anayelala naye nyumba moja. Akawa Zambarau bila kuinuka kitandani.

Mbonea alipewa kazi ya kulinda mlango wa ndiva. Alipewa fimbo. Akahamia upande wa Wekundu, akajenga.

Nanzia na Nakiete walikuwa na shamba moja la magimbi, na gimbi bila maji halistawi. Majani yalianza kujikunja. Chakula kingine hawakuwa nacho. Nakiete alikwenda mlangoni, akamwambia kaka yake, "Kaka, magimbi yakifa, mama amekufa. Nifungulie maji kidogo tu."

Mbonea akatazama huku na huku. "Maji siwezi. Lakini nimekufikiria, mdogo wangu. Kata hiyo kamba, uje kwangu. Nitasema wewe ni Mwekundu, ulipotea ukiwa mdogo. Watakuamini, tumefanana."

"Na mama?"

"Mama hawezi kuja. Nikisema wewe dada yangu na yeye mama yangu, watauliza mimi ni nani. Utamwita jirani. Utampelekea chakula kama mtu anavyompelekea jirani."

Nakiete akasema, "Kwa hiyo ili nimlishe mama, kwanza asiwe mama."

"Ni kamba tu, Nakiete."

"Ingekuwa kamba tu, ungemfungulia maji."

Akaenda zake. Na yeye alikuwa mtu wa namna hii: akishika jambo, ni afadhali umwombe mwamba usogee. Kwetu wako wanawake wa aina hiyo mpaka leo, ninao wawili nyumbani na sina usemi.

Kesho yake, jua linachomoza, Nakiete alikuja akakaa juu ya jiwe bapa lililo mbele ya mlango wa ndiva, mahali ambapo lazima mtu apite ili afungue maji. Kivuli chake kikalala chekundu.

"Mzee Mruma," akasema, "nimekuja kuhesabiwa upya. Mimi rangi gani?"

"Wewe Zambarau, binti. Ondoka."

"Sikuulizi kamba. Nakuuliza unachokiona."

Watu walikuwa wameshafika na majembe, wanasikiliza. Mruma, ambaye hakupenda kelele, akasema kwa sauti ya chini, "Naona nyekundu."

"Basi nakaa. Nitakuuliza tena."

Mruma akamwita Mbonea amtoe. Mbonea akaja na fimbo yake, akasimama. Nakiete akamwambia, "Niinue, kaka. Lakini nishike kwa mikono miwili, kama ulivyokuwa ukinibeba kuvuka mto." Mbonea fimbo ikamshinda, akarudi nyuma. Mruma akakasirika, akasema kwa kuwa njia imezibwa, maji hayatafunguliwa kwa mtu yeyote hadi msichana aondoke. Alijua watu watamtoa wao wenyewe.

Na kweli walimjia juu. Mwanamke mmoja wa Wekundu alimwambia, "Wewe mtoto, unatuua kwa kiburi chako." Nakiete akamjibu, "Mama yangu anakufa bila kiburi chochote. Tazama kivuli chako, mama, kisha uniambie kwa nini wewe unywe." Ilikuwa adhuhuri. Yule mwanamke akatazama chini, akaona manjano. Maisha yake yote alikuwa ameyaona manjano hayo kila adhuhuri, lakini siku ile ndipo alipoyaona kweli. Akaweka jembe lake chini na kuketi kando ya jiwe.

Jua likamchoma Nakiete. Midomo ikapasuka. Hakuinuka kunywa, hakuinuka kujinyoosha, na akili yake yote aliielekeza kwenye kukaa. Na kwa kuwa hakuinuka, nyekundu ya asubuhi haikufutika. Manjano ya adhuhuri yakaja juu yake. Jioni zambarau ikaja juu ya zote. Anayejua kutia nguo rangi anaelewa: weka rangi zote katika chungu kimoja, ukoroge, utapata nini?

Utapata nyeusi.

"Mzee Mruma," akasema Nakiete, na sauti yake ilikuwa imebaki uzi mmoja, "mimi rangi gani?"

Mruma akatazama. Akafungua kikapu chake cha kamba, akachakura, akachakura. Hakuwa na kamba ya rangi ile.

"Hujahesabika," akasema mwishoni. "Huna zamu."

"Sawa. Mimi sina kamba, na wewe huna la kuniita."

Nakiete akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu dunia iwe dunia, mtu alitembea kwenda nyumbani jioni na kivuli cheusi. Hakikumtoka tena, kilikuwa kimekolea.

Asubuhi alirudi jiweni, na hakukuta nafasi. Yule mwanamke wa Wekundu alikuwa ameshakaa, na wa Zambarau kadhaa, na mzee aliyedamka bure mwaka ule. Walikaa kutwa. Siku zilizofuata wakaongezeka. Wengine walikaa kwa uchungu, wengine kwa udadisi, wengine kwa sababu ya mkumbo, sitawadanganya. Mruma aliendelea kufunga mlango, na maji ya chemchemi yakawa yanaingia ndivani bila kutoka, hadi ukingo ukaanza kuvuja. Ukingo ukipasuka, hakuna ndiva tena. Ikambidi achague: avunje bwawa au avunje desturi. Akafungua mlango. Maji yakashuka mferejini bila kumuuliza mtu yeyote mama yake alihesabiwa na nani, na wakakubaliana kila shamba lipate kwa zamu, leo linaanza la juu, kesho linaanza la chini. Magimbi ya Nanzia yalinyoosha majani. Akala, akapona mguu, akaishi hadi akawa msumbufu.

Na tangu siku hiyo watoto wao walizaliwa na vivuli vyeusi, na watoto wa watoto wao. Ndiyo maana kivuli cha Hidaya na cha Kaka Kiondo na changu mimi mzuri vinafanana, ukivitazama chini hapo huwezi kusema nani ametoka wapi. Na ndiyo maana kivuli hakitulii, asubuhi kirefu, adhuhuri kifupi, jioni kirefu tena upande mwingine: kilijifunza kwamba ukitulia mahali pamoja, atakuja mtu na kamba.

Chai hiyo inakuja. Haya, inukeni.

Ngojeni kwanza. Kuna sehemu nimeiruka, na huwa naiacha kila mara, kwa sababu bila hiyo hadithi inaishia pazuri na mimi nashangiliwa.

Mbonea hakukaa na wenzake. Kijiji kizima kilipokuwa na vivuli vyeusi, yeye peke yake alibaki na chekundu asubuhi, na watoto walikuwa wakimfuata kukikanyaga. Mwishowe alikwenda kwa dada yake pale jiweni, akamwambia, "Nakiete, mimi nimekuwa Mwekundu siku nyingi kuliko nilivyokuwa kitu kingine. Nikikaa pale, nikiinuka nitakuwa nani?"

Na Nakiete, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, alisogea tu jiweni, akampa nafasi.

Mbonea akakaa kutwa. Alipoinuka, alitazama kivuli chake, cheusi kama cha kila mtu. Alisimama hapo kama mtu aliyeibiwa. Halafu akainua macho polepole kutoka ardhini, akaanza kuwatazama watu. Akatazama ngozi zao, hii imekoza, hii imefifia. Akatazama pua. Akatazama nywele. Akasikiliza nani anatamka vipi. Na uso wake ukaanza kupata nafuu.

Nakiete hakujaliwa mtoto. Sisi wote tuliokaa kwenye mfereji huu, mimi nikiwa wa kwanza, ni uzao wa Mbonea.