Taa Moja ya Pango la Chumvi

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana kompyuta zilikuwapo, walikuwako mjini Korogwe watu watatu waliocheza mchezo mmoja wa mtandaoni. Kibwana alikuwa fundi simu, na kompyuta zilikuwa zake, nyuma ya kibanda chake. Siwema na Mashavu walikuwa wapishi wa shule moja. Jioni, miguu imewavimba kwa kusimama jikoni, walipitia kwake wakacheza.

Kibwana na Mashavu walicheza kujifurahisha. Siwema alicheza kwa ajili ya dada yake, Zubeda. Siku ya mazishi ya baba yao waligombana mbele ya watu, Zubeda akahamia mbali, na tangu hapo hakupokea simu ya Siwema. Mtoto wa kaka yao ndiye aliyemnong'oneza: "Shangazi, dada yako yumo kwenye ule mchezo kila siku, ng'ambo ya Pango la Chumvi. Huko anamjibu kila mtu." Siwema alitaka kumwambia neno moja tu: nisamehe.

Ng'ambo ni giza, huvuki bila taa, na taa imo pangoni. Kibwana alikwisha vuka zamani, akawa shujaa mkubwa huko. Lakini pango la wanaoanza halimpokei mkubwa. Basi akamfuta shujaa wake, akaanza upya na kirungu cha mti, ili awaonyeshe njia.

Kabla ya kuingia, sharti umalize kazi za wanakijiji. Mlinda lango alitaka mbawa za popo. Siwema alichoka, akaenda. Mchonga mawe alitaka chumvi nyekundu. Siwema alichoka, akaenda. Mjane wa kisimani alitaka ndoo yake iliyozama, na alipoletewa akasema siyo hiyo. Siwema alichoka, akarudi tena kisimani.

"Kazi zimekwisha zote," Kibwana akasema. Wakaingia. Wakapigana mpaka mlango wa mwisho, na mlango haukufunguka.

Kibwana akashika kichwa. "Kuna moja nimeisahau. Yule mpishi wa kijijini, anataka mwiko wake."

Wapishi wawili wazima, wamemsahau mpishi! Hakuna aliyecheka. Na zimwi la mlangoni lilikuwa limekwisha amka.

"Nenda wewe, shoga," Mashavu akasema. "Hili niachie mimi na ngao yangu."

Siwema alichoka, macho yanamwuma, akaenda. Akautafuta mwiko, akaupeleka, akarudi. Mlango ukafunguka, zimwi likaanguka, na Mashavu akaanguka nalo. Anayefia pangoni hupoteza vyote alivyochuma, isipokuwa akishikishwa taa kabla wenzake hawajatoka.

Wakafungua sanduku lililokuwa ndani. Taa ilikuwa moja. Zamani kila mtu alipata yake, Kibwana akaapa, ila wenye mchezo walikuwa wamebadilisha mambo. Na kwa kuwa Siwema ndiye aliyeikamilisha kazi ya mwisho, mchezo ukamwuliza yeye: taa apewe nani? Majina matatu yakatokea, na chini yake mstari mwekundu, unapungua. Ukiisha, taa inazimika.

Kibwana akasema, "Mimi nilikuwa na kila kitu huko ng'ambo. Nimekifuta kwa ajili yenu. Nataka kurudi nilikotoka, basi."

Mashavu akasema, "Ningekimbia, ningekuwa hai. Nimekufa nikikungoja wewe, Siwema. Yote niliyoyachuma yamo humu, na sina tena nguvu ya kuanza."

Siwema akasema polepole, "Kila palipotakiwa mtu wa kutumwa, nilikwenda mimi. Na kesho kundi la dada yangu linahamia nchi ya mbele zaidi mchezoni. Nitamfuata mpaka lini? Nimechoka, jamani."

Kibwana alitazama kioo cha kompyuta yake, Mashavu alitazama mikono yake. Mstari ukabaki kipande. Siwema akaweka kidole kwenye kitufe, na jina lake mwenyewe lilikuwa mojawapo ya yale matatu.

Haya, nyinyi mliokaa mkinisikiliza, kidole kile kingekuwa chako ungebonyeza jina la nani, na wale wawili wengine ungewatazamaje usoni?