Bi Pimbi na Msitu wa Saa Mbili

Sogeeni, watoto. Wewe mwenye miguu mirefu, ikunje, mwenzako naye apate pa kukaa.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana wanyama walikuwa wamekwisha kujua kukaa semina, paliondokea mama mmoja mdogo aitwaye Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Mnyama wa mawe, ukubwa wake kama sungura aliyeshiba. Mkia hana, lakini masikio anayo, na yanasikia.

Bi Pimbi alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Nyumba yake ilikuwa katika jabali la Mawepacha, na chini ya jabali palikuwa na chemchemi. Zamani chemchemi hiyo ililia bubu-bubu-bubu mpaka ukaisikia ukiwa kitandani. Sasa ililia to... ukasubiri... to.

Alfajiri Bi Pimbi alikinga kibuyu, na kibuyu hakikujaa mpaka jua la utosini. Kidawa, kitinda mimba wake, midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu. Na kuhama haikuwezekana, kwa sababu pimbi akiyaacha mawe akatoka uwandani, huyo ni kifungua kinywa cha Tai. Chemchemi ikikauka, yeye na wanawe wamekwisha.

Msiseme hapakuwa na msaada. Msaada ulikuwapo! Kila mwaka Bwana Korongo aliruka kutoka nchi za baridi, miguu myekundu, shingo ndefu, moyo mwema kabisa. Alileta Mradi wa Kivuli na Maji. Wanyama wapande miti kuizunguka chemchemi, miti ilete kivuli, kivuli kitunze maji. Jambo jema, nani atalikataa?

Kamati ikaundwa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Tembo, kwa kuwa ni mkubwa. Katibu alikuwa Bwana Fisi, kwa kuwa hajapata kukosa mkutano wenye chakula. Mjumbe alikuwa Nyati, kwa kuwa kila linalosemwa huitikia, "Naunga mkono hoja!" kisha hurudi kusinzia.

Kamati ilichapa kazi. Ilikaa semina ya kuuelewa mti. Ikakaa semina ya kuielewa semina iliyopita. Ikapewa fulana, zote saizi moja, na Tembo yake akaivaa sikioni. Ikasimamisha kando ya chemchemi bango kubwa la bati lenye picha ya msitu.

Na kupanda je? Walipanda, bwana! Korongo akija, mgeni rasmi, anakuta shimo moja mbele ya bango na mche mmoja. Anaufukia. Pa-pa-pa! Makofi. Picha. Soda. Korongo anaruka zake kwenda huko anakokwenda. Jioni Nyati anaula mche, maana ndiye aliyepewa zamu ya kuulinda. Mwaka ujao mche mwingine, shimo lile lile. Miaka saba, miche saba, shimo moja! Udongo wake ulikuwa umelainika hata jembe halikuhitajika.

Kivuli pekee ambacho mradi ulikuwa umeleta ni cha lile bango. Adhuhuri watoto wa Bi Pimbi walijibanza hapo.

Bi Pimbi alikwenda kwenye kamati mara tatu.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Bi Pimbi. Una nini tena?"

"Chemchemi inakufa, mzee wangu. Tuipande basi hiyo miti."

"Wazo lako tumelipokea," alisema Tembo.

"Tutaliingiza kwenye ajenda," alisema Fisi, akiguguna mfupa.

"Naunga mkono hoja!" alisema Nyati usingizini.

Likaishia hapo. Bi Pimbi akarudi nyumbani akalia, siwafichi. Alilia kwa hasira. Kisha akajifuta haraka, maana machozi nayo ni maji, na yeye hakuwa na maji ya kumwaga.

Siku moja Mbayuwayu akatua juu ya jabali, pururu!

"Hodi, Bi Pimbi!"

"Karibu, mwanangu. Habari za huko juu?"

"Nina ujumbe kwa kamati. Korongo anakuja mvua za vuli zikianza. Safari hii haji kupanda. Anakuja kutathmini! Anataka kuiona miti yote ya miaka saba."

Bi Pimbi akahesabu moyoni. Vuli ilikuwa bado miezi mitatu. Akatazama midomo ya Kidawa, akatazama chemchemi. To... to.

"Wewe pumzika, mwanangu," akasema. "Ujumbe nitaufikisha mimi."

Akaufikisha, lakini kwa mtindo wake.

"Ijumaa!" alipiga kelele, akihema kama aliyekimbizwa. "Korongo anakuja Ijumaa hii! Anakuja kuitathmini miti!"

Mkonga wa Tembo ukaanguka chini, puu!

"Miti gani?"

Wakatazamana.

"Ile... ya kwenye ripoti," alisema Fisi kwa sauti ya mbu. Kumbe kila mwaka aliandika kwamba miti inaendelea vizuri.

"Lahaula! Ataufunga mradi!" alisema Tembo.

"Na semina je, Mwenyekiti?"

"Semina itatoka wapi?"

"Na minofu ya kwenye semina?" Fisi akakaa chini kwa kishindo, mate yakimtoka.

Bi Pimbi akakohoa kidogo. "Wazee wangu, mimi ni mdogo, na akili yangu ni ya pangoni. Lakini naomba kuuliza. Mgeni akija hukaa muda gani?"

"Saa mbili," alisema Tembo. "Pamoja na soda."

"Basi mnachohitaji ni msitu wa saa mbili tu."

Masikio ya Tembo yakasimama, na fulana ikadondoka. "Endelea, Bi Pimbi."

"Mvunje matawi manene ya mkuyu, myachimbie kuizunguka chemchemi, safu tatu. Na moja mlichomeke kwenye shimo la mgeni rasmi. Korongo ataona msitu. Akiondoka, mng'oe, mfanye kuni."

Fisi akacheka hi-hi-hiii! mpaka akashika mbavu. "Huyu mama ni mwenzetu! Lakini kwa nini mkuyu?"

"Una majani mapana, Bwana Katibu. Hujaza picha."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini watoto, kulikuwa na kweli nyingine ambayo Bi Pimbi aliimeza. Marehemu bibi yake aliwahi kujenga ua kwa nguzo za mkuyu, na ua ukachipua! Mkuyu si wa kudeka. Tawi lake ukilichimbia na kulinywesha, linashika mizizi likawa mti. Mtoto yeyote wa Mawepacha aliyekulia nje alilijua hilo. Kamati hawakulijua, kwa sababu walikuwa semina.

Basi kazi ikaanza. Ka-ka-kraa! Tembo akivunja. Chwi! Chwi! Fisi akichimba.

"Katibu, hilo shimo ni fupi," alisema Bi Pimbi. "Upepo ukiangusha msitu mbele ya mgeni, uso wako utauweka wapi?"

Fisi akachimba mpaka zikabaki zikionekana ncha za masikio yake tu.

"Na yamwagieni maji, matawi yasinyauke kabla ya Ijumaa. Ila maji ya chemchemi msiguse, ni tope, yatachafua picha. Chukueni ya mtoni."

Mto ulikuwa mbali, ng'ambo ya bonde. Tembo akaenda akajaza mkonga, akarudi, pwaaa! Nyati akabeba ndoo mbili kwenye pembe zake, akiyumba. Hajawahi kukaa macho muda mrefu namna hiyo.

Ijumaa ikafika. Korongo hakutokea.

"Amepata upepo wa mbele," alisema Bi Pimbi kutoka juu ya jabali. "Ni Ijumaa ijayo. Mwagieni!"

Ijumaa ya pili.

"Amepitia semina nchi jirani."

"Ya siku ngapi?" aliuliza Tembo, akihema.

"Walipanga tatu, lakini chakula ni kizuri, wameongeza."

"Hapo nimemwelewa," alisema Tembo, akaenda zake mtoni.

Ijumaa ya nne majani yote yakapukutika. Kamati ikashikwa na kiwewe, na Fisi akataka kuyabandika kwa ulimbo. Bi Pimbi naye hakulala. Alishuka akalikwaruza tawi moja kwa ukucha. Ndani lilikuwa bichi! Akarudi kwa wanawe akiomba Mungu kimoyomoyo.

Ijumaa ya saba vichipukizi vikatokeza, pu, pu, pu, kila fundo.

Fisi akalizunguka tawi moja, akanusa. "Mbona hili linatoa majani mapya? Bi Pimbi, hapa pana jambo."

Moyo wa Bi Pimbi ukapiga paa! Lakini uso wake haukutikisika.

"Bwana Katibu, wewe unashangaa kazi ya mikono yako?"

Fisi akafikiri. Kisha akatabasamu, akajipiga kifuani. "Kweli. Tumedanganya vizuri mpaka matawi yenyewe yameamini!"

"Naunga mkono hoja!" alisema Nyati.

Miezi mitatu ikatimia, na manyunyu ya kwanza ya vuli yakadondoka. Na huyo Korongo! Akatua mbele ya bango, akatazama picha ya msitu, kisha akatazama nyuma ya bango. Domo lake refu likabaki wazi.

"Ajabu!" alisema. "Kivuli! Mwenyekiti, niseme nini?"

"Sema tu semina ijayo ni lini," alisema Tembo, akiirekebisha fulana sikioni.

"Semina? Hapana, Mzee Tembo! Ninyi mmefaulu. Mradi ukifaulu, unafungwa. Kesho nauhamishia Bonde la Chumvi, wao hawana hata mti mmoja. Hongereni sana!"

Hata Nyati alifumbua macho.

"Unafungwa?" Fisi alinong'ona. "Na... minofu?"

Tembo akapiga magoti, gubu! "Mheshimiwa, usiondoke! Hatujafaulu! Sisi ni waongo!"

"Unyenyekevu ulioje," alisema Korongo, akiandika.

"Waongo wakubwa!" alilia Fisi. "Haya ni matawi tu! Tumeyachomeka ili tukudanganye! Tazama, nalitoa kwa meno!"

Akaliuma tawi la karibu, akavuta. Ng'! Halikutoka. Akatanua miguu, akavuta tena. Nng'!! Meno yakateleza, akaenda zake kichwa chini miguu juu, kwaa! mpaka kwenye bango, nalo likamwangukia.

"Mbona mti unaonekana mzima?" alisema Korongo.

"Subiri!" Tembo alinguruma. "Nitakuonyesha hili la shimo la mgeni rasmi. Shimo hili nalijua! Miaka saba hakijashika kitu humu! Miche yako yote iliyoingia humu ililiwa na Nyati!"

"Naunga mkono hoja!" alisema Nyati. Kisha akagundua alichokiunga.

Tembo akalizungushia mkonga, akavuta. Mmmh... mmmh... fyaaa! Likatoka. Lakini halikutoka peke yake. Lilitoka na mizizi, myeupe, mirefu, imekumbatia donge la udongo kubwa kama kichwa cha Nyati. Na chini ya shimo kitu kikasema bubu.

Wote wakainama.

Bubu. Bubu-bubu.

Kidawa ndiye aliyefika wa kwanza. Alipita katikati ya miguu ya Tembo, akatumbukiza uso mzima. "Mama! Ya baridi!"

Bi Pimbi akasogea karibu. Furaha ilimjaa kifuani hata akasahau kwamba alikuwa mjanja. Akakaa tu, akamtazama mwanawe akinywa.

Korongo akanyoosha shingo. Mara ya kwanza tangu aje, hakuwa akitabasamu. "Mwenyekiti. Naona umeng'oa mti wa wananchi mbele ya macho yangu."

"Mimi? Ah... nilikuwa... naiangalia mizizi."

"Urudishe."

Tembo akaurudisha. Akafukia kwa miguu yake mwenyewe, akashindilia, akaenda mtoni kuleta maji. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyepiga picha, na soda hazikufunguliwa.

Korongo akamgeukia Bi Pimbi, ambaye hakuwa ameulizwa lolote kwa miaka saba. "Mama, mizizi imewashangaza wote ila wewe; nadhani unajua jambo kuhusu mkuyu. Kwa nini tusiandae semina, uje utufundishe?"

"Ahsante, baba," alisema Bi Pimbi. "Ningekuja, lakini nina nguo za kufua. Sasa maji yapo."

Korongo akaruka kwenda Bonde la Chumvi. Wanasema safari hii alichukua matawi ya mkuyu, wala hakubeba fulana hata moja.

Na kamati? Fisi alihama siku ile ile kutafuta kijiji ambacho hakijaendelea. Nyati alibaki, amelala kivulini. Mzee Tembo naye amebaki, na kila anapoanza kulegea kumwagilia, Bi Pimbi hupanda juu ya jabali, akaweka mkono kwenye paji la uso na kutazama mbali.

"Mwenyekiti!" huita. "Nasikia Korongo anapita Ijumaa!"

Basi utamwona mzee wa watu anavyokimbilia mtoni, pu-pu-pu!

Nami nimefika mwisho, mate yamenikauka, nileteeni maji. Nanyi shikeni hili moja: mti hauulizi nia ya aliyeupanda, huuliza maji tu.